Barua kwa Jina la Gloria

Jumatatu, 9 Mei 1994

Tumeanza kuchuma pamba leo. Mwalimu amenipa daftari hili lililobaki shuleni, panya wamelitafuna pembeni, ili niandike siku tulizochuma na siku tulizopumzika. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, mwaka sabini na nne, katika darasa la watu wazima, kabla hajanichumbia. Alitufundisha kwamba ukiandika utaje watu kwa majina, anayesoma asipotee. Basi mimi ni Felisita. Mwalimu ni mume wangu Fredrick, mwalimu mkuu wa shule ya hapa kijijini na mzee wa kanisa. Mtoto wetu ni Gloria, yuko darasa la saba. Tulizaa watatu. Surua iliwachukua wawili wa kwanza katika juma moja.

Jumatano, 11 Mei

Upepo mkavu. Mvua sasa imekwisha kweli.

Jumapili, 15 Mei

Baada ya ibada Gloria amekwenda kwa Keneth, fundi baiskeli aliyehamia hapa kutoka Mwanza mwaka juzi. Kwake hukusanyika watu kama kumi na wawili, wanasoma Biblia mstari kwa mstari bila mchungaji. Siku hizi ni ruksa. Kila baada ya miezi michache linakuja kanisa jipya na vipaza sauti vyake, na hawa angalau hawapigi kelele. Nimefurahi tu. Mwanangu alijifunza kusoma akiwa mapajani mwangu, nikipitisha kidole chake kwenye Zaburi, na mimi mwenyewe nikiwa bado nasoma kwa kusitasita. Kuna akina mama waliowapa binti zao shanga. Mimi nilimpa huko kusoma.

Jumamosi, 21 Mei

Tumechuma mpaka jua la utosi. Gloria ana mikono myepesi, hachanganyi pamba safi na chafu.

Jumanne, 24 Mei

Mwalimu amerudi kutoka shuleni akapita moja kwa moja chumbani. Nimemwita kula, akasema ameshiba. Gloria naye amekula vijiko viwili vya maharage. Hakuna aliyenieleza kitu.

Jumatano, 25 Mei

Nimejua. Jana asubuhi mstarini, wanafunzi walipoimba wimbo wa Taifa na bendera ikapandishwa, Gloria alisimama mikono yake ikiwa nyuma na mdomo umefungwa. Na wenzake wanne wa kwa Keneth pia, mmoja wao akiwa Evalina, binti wa Keneth mwenyewe. Mwalimu wa zamu alidhani ni utani. Leo wamefanya tena.

Jioni Mwalimu alimwita, tukakaa watatu kwenye mkeka nje ya jiko. Hakumkaripia. Alimuuliza kama mwalimu anavyomuuliza mwanafunzi aliyekosea hesabu. Gloria akafungua Biblia, akamsomea habari za wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli waliokataa kuinamia sanamu ya mfalme, kisha amri za Mlima Sinai. Alisema haichukii bendera wala nchi. Anachoona ni kwamba kusimama wima kimya mbele ya kitambaa, wote kwa amri moja, ni ibada, na ibada ina mwenyewe.

Mwalimu alimwambia hiyo si tafsiri, hiyo ni kunyofoa. Mfalme yule, Nebukadneza, alitaka aabudiwe, na Taifa halijamwomba mtu sala. Zaidi ya hayo, wimbo wenyewe ni dua, unamwomba Mungu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Anayekataa kuuimba anakataa nini? Gloria akasema yuko tayari kuiombea nchi kila siku akiwa amepiga magoti, lakini si kwa filimbi na fimbo. Mwalimu akamfungulia Warumi sura ya kumi na tatu, akamsomea aya saba za kwanza, za kuzitii mamlaka na kumpa kila mtu heshima iliyo haki yake. Alizisoma polepole, kama anavyozisoma kanisani.

Kisha akafunga kitabu, na sauti yake ikabadilika. Alianza kumsimulia habari za Mihayo, kaka yake. Walikwenda pamoja vita vya Uganda, akarudi mmoja. Habari hizo Gloria anazijua kwa juu juu tu, kwa sababu Mwalimu hazisemi.

"Mihayo hana kaburi," alisema. "Tuliambiwa alipoangukia, lakini hakuna aliyekwenda kuweka jiwe. Mimi nikiivuta ile kamba asubuhi, ndipo ninapokwenda kaburini kwake. Kila siku ya shule, miaka kumi na mitano. Na wewe unasimama pale mbele yangu umefunga mdomo."

Gloria alilia. Alimshika baba yake mkono, akambusu vidole. Nikadhani yamekwisha. Lakini alipopata sauti alisema, "Baba, baba mkubwa Mihayo nampenda. Lakini siwezi."

Ijumaa, 3 Juni

Shule zimefungwa. Mwezi mzima bila mstari. Nimemshukuru Mungu kwa likizo kama anayeshukuru mvua.

Jumanne, 7 Juni

Malori mawili ya wanunuzi binafsi yamefika. Miaka yote tulikijua chama cha ushirika peke yake. Sasa watu wanasimama katikati ya barabara hawajui wamfuate nani. Na mwakani ni uchaguzi wa vyama vingi. Huko Nkoma mnadani, jirani zangu wawili wamegombana kwa sababu ya rangi ya kofia.

Ijumaa, 10 Juni

Tumechuma. Gloria anaimba tenzi shambani. Ana sauti nzuri.

Jumatatu, 20 Juni

Nimekuwa nasoma Biblia tangu shule ifungwe, sehemu ambazo sijawahi kuzigusa. Mwalimu ana Warumi yake, Gloria ana Danieli wake. Nimetafuta ya kwangu. Jana nimeipata, katika kitabu cha pili cha Wafalme sura ya tano. Yule Naamani, mkuu wa jeshi, baada ya kuponywa ukoma alimwambia nabii Elisha kwamba hataabudu mungu mwingine tena. Ila alikuwa na jambo moja. Mfalme wake akiingia katika hekalu la mungu wao Rimoni humwegemea mkono, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Akaomba Bwana amsamehe kwa hilo. Na Elisha hakumkemea. Alimwambia aende kwa amani.

Nilisoma mara tatu kuhakikisha. Nilitaka kukimbia niwaite wote.

Leo nimemweleza Gloria tukiwa kwenye mstari mmoja wa pamba. Nilimwambia Mungu anajua watu wanaoinamisha mgongo bila kuinamisha moyo. Achezeshe midomo tu mpaka Septemba. Afanye mtihani, aende sekondari, baadaye aishi anavyoona. Tangu shule hii ijengwe hakuna msichana aliyechaguliwa kwenda sekondari, na walimu wote wanasema safari hii yupo.

Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Akachuma vitumba vitatu au vinne. Kisha akasema, "Mama, Naamani aliomba msamaha mwenyewe. Hakuombewa na mama yake."

Tumechuma mpaka jioni.

Alhamisi, 30 Juni

Vumbi. Kikohozi kinanisumbua. Nimemsikia Mwalimu akiomba peke yake, akitaja majina mawili, la kaka yake na la binti yake.

Jumatatu, 4 Julai

Shule zimefunguliwa. Watano wale wale, kimya.

Jumatano, 6 Julai

Bwana Constantine, mratibu elimu wa kata, amekuja kwa pikipiki. Sijui nani alimpelekea habari. Amesimamisha shule nzima na kuwaita wazazi waliokuwa karibu, nami nikaenda na kanga yangu ya shambani. Si mtu mbaya. Nimemjua tangu akiwa mwalimu wa darasa la tatu. Alisema siku hizi kila mtu ana chama chake, kanisa lake na mnunuzi wake wa pamba, na kitu kilichobaki kimoja ni ile bendera. Ikigawanyika na hiyo, alisema, tutaitana kwa jina gani? Niliona wazee wengi wakiitikia kwa kichwa, na mimi niliitikia.

Halafu akatoa amri. Wale watano wapewe adhabu leo. Na ifikapo Ijumaa ya juma lijalo, kila mmoja alete barua ya kutubu, aliyoiandika kwa mkono wake, isomwe mstarini. Asiyeleta anafutwa shule, na jina lake linatolewa kwenye orodha ya mtihani.

Adhabu aliitoa mwalimu mkuu. Fimbo nne kwa kila mmoja. Gloria alikuwa wa mwisho. Watu walimtazama Mwalimu waone kama atampunguzia. Hakupunguza wala hakuongeza. Mkono wake ulikuwa sawasawa kwa wote watano, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angekasirika.

Nyumbani nimemkanda Gloria kwa maji ya chumvi. Mwalimu amekaa nje amegeukia ukuta. Nilipompelekea chakula, alisema, "Kama ningemwacha yeye, wale wanne ningewaambia nini?" Nikaondoka na sahani yangu.

Ijumaa, 8 Julai

Sikuchuma.

Jumatatu, 11 Julai

Barua tatu zimeshaletwa. Leo imeletwa ya nne, ya Evalina. Baba yake aliisimamia mwenyewe ikiandikwa.

Nilikwenda kwa Keneth jua likielekea kuzama, kabla sijatulia. Alikuwa ameinamia tairi. Nilimuuliza, wewe uliyewafundisha, vipi? Alisimama, mikono imejaa mafuta, akashindwa kunitazama. Alisema amesoma upya Yeremia, pale mateka walipoambiwa wautafutie amani mji waliohamishiwa na kuuombea, na ameona kwamba aliwatwisha watoto mzigo wa watu wazima. Nikamwambia basi aje amwambie Gloria hayo. Akasema alikwisha kumwambia jana.

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Asante mwalimu.' Halafu akasema lakini yeye hajasoma hivyo."

Keneth alilia pale mbele ya baiskeli ya watu. Nimemchukia njia nzima ya kurudi, na nilipofika nyumbani nimeona kwamba ninayemchukia ana binti atakayefanya mtihani.

Jumatano, 13 Julai

Nimeandika barua.

Naiandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Mchana, nyumba ikiwa tupu, nilichana kurasa za katikati za daftari hili. Nikaandika: Mimi Gloria Fredrick wa darasa la saba, nimetambua kosa langu, naomba radhi kwa walimu wangu na kwa Taifa langu, na kuanzia leo nitaimba. Nilijitahidi kuandika kama yeye anavyoandika, herufi zikiwa zimesimama. Zangu zimelala, na g yangu ina mkia mrefu, Mwalimu alinitania kwa hiyo g tangu darasa la watu wazima. Nilirudia mara mbili. Karatasi za kwanza nimezichoma jikoni.

Nimeiweka kati ya makaratasi ya Mwalimu, chini ya ile ya Evalina. Nilijiambia Gloria akisikia imesomwa atajua mlango umefunguka, atapita tu, hata kama ni kwa aibu. Mtu akiwa anazama humuulizi kabla ya kumshika nywele.

Ijumaa, 15 Julai

Bwana Constantine amekuja, na wazazi tumeitwa. Tulisimama upande wa darasa la kwanza, wanawake tukiwa nyuma. Wimbo uliimbwa. Wale wanne waliimba, Evalina akitazama chini. Gloria alisimama kama siku zote.

Mwalimu akaanza kusoma barua. Moja, mbili, tatu. Kila aliyesomewa alipita mbele, akapeana mkono na mratibu, akarudi. Ya nne, Evalina. Kisha akafunua karatasi ya tano.

Aliiangalia muda mrefu hata mratibu akageuka kumtazama. Nilijua kwamba ameshajua. Miaka ishirini ananiandikisha, anasahihisha barua zangu kwa ndugu zangu, hawezi asijue. Nikangoja aikunje aiweke mfukoni. Nikawa naomba aikunje, na papo hapo naomba aisome.

Akaisoma. Yote, kwa sauti ya kanisani, mpaka "kuanzia leo nitaimba."

Watu waliguna kwa nafuu. Mama mmoja alinishika bega. Mratibu alitabasamu, akanyoosha mkono. Gloria hakutoka kwenye mstari. Aliinua mkono kama anayetaka kujibu swali darasani, akangoja aruhusiwe.

"Mwalimu, barua hiyo si yangu. Sikuiandika."

Mratibu akamuuliza ni ya nani basi, nani aliyethubutu kudanganya ofisi kwa jina lake. Hasira yake ilikuwa imemgeukia mtu asiyemwona. Alisema mtu huyo atapelekwa panapohusika. Nikasikia upepo ukigonga kamba kwenye mlingoti.

Gloria aligeuza macho. Yalipita walimu, yakapita wanaume, yakafika nilipokuwa nimesimama, akaniona. Alinitazama kama kuvuta pumzi moja. Akamgeukia mratibu.

"Sijui," alisema.

Mwanangu, ambaye hakukubali kuchezesha midomo ajiokoe, alisema uongo mbele ya shule nzima ili aniokoe mimi. Nami nilisimama pale pale. Sikuinua mkono. Sikusogea. Naandika haya nijisome mwenyewe: sikusogea.

Walimfuta papo hapo. Mwalimu ndiye aliyeandika kwenye rejesta.

Jumamosi, 16 Julai

Gloria ameomba aende Kimali kwa bibi yake, mama yangu Kwandu. Hajataja barua. Nimeshindwa kuitaja.

Jumatatu, 18 Julai

Ameondoka na lori la pamba linalopitia huko. Mwalimu alisimama mbali. Gloria alimfuata, akapiga goti kumuaga kama inavyostahili, naye akamgusa kichwa. Kisha akaja kwangu, akaniambia nisisahau kunywa dawa ya kikohozi.

Jumanne, 19 Julai

Nimekuta Biblia yake chini ya mto. Nimedhani ameisahau.

Jumatatu, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wamekwenda kwenye ngoma. Pamba imebaki mistari sita na hakuna mikono. Nachuma peke yangu.

Jumapili, 14 Agosti

Mwalimu na mimi tunaongea habari za chumvi, za mbuzi, za mlango unaolia. Yeye anajua. Anajua kwamba najua kuwa anajua. Tunapishana uani kama wageni waliopangishwa nyumba moja.

Jumapili, 21 Agosti

Leo zamu ya kusoma neno ilikuwa ya Mwalimu. Mchungaji alichagua Warumi kumi na tatu kwa sababu ya mambo ya uchaguzi. Mwalimu anaijua kwa moyo, lakini huishia aya ya saba, sote huishia hapo. Leo hakuishia. Aliendelea na ya nane, ile inayosema deni pekee tunaloruhusiwa kubaki nalo ni la kupendana. Akaanza ya tisa, akashindwa. Alisimama na kitabu mkononi mpaka mchungaji akaanzisha wimbo.

Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda, na kofia hakuivua.

"Niliujua mwandiko, mama Gloria," alisema.

Nikamwambia najua.

"Uliniwekea jaribu."

Nikamwambia nilitaka kumwokoa mtoto. Akakubali kwa kichwa. Nikamuuliza kwa nini basi aliisoma. Ningeweza kuvumilia kama angeichana mbele yangu.

"Nilitaka iwe kweli," alisema. "Nilidhani nikiisoma kwa sauti yangu, mbele ya watu, itakuwa kweli. Na kitambo kile ilikuwa kweli, Felisita. Kabla hajainua mkono, nilikuwa na binti na nilikuwa na kaka, wote wawili."

Hajaniita Felisita tangu wale watoto wetu wawili walipokufa. Miezi hii yote nilikuwa namwona kama mti, mkono usiopunguza wala kuongeza. Leo nimeona alikuwa anashikilia watu wawili waliokuwa wanavutana, na aliyemwachia ni yule aliyekuwa hai.

Nikasema, "Nami nilisimama. Alipoulizwa nani, nilisimama."

"Nilikuona," alisema.

Tumelia mchana kweupe, mlango wazi, jirani akipita na ndoo.

Jumatano, 24 Agosti

Mwalimu amekwenda kwa Bwana Constantine kwa baiskeli. Amemweleza habari za barua, yote, jina langu na lake. Ameomba Gloria arudishwe afanye mtihani, yeye mwenyewe avuliwe ukuu wa shule. Bwana Constantine alimsikiliza, akamwambia orodha ilikwisha kupelekwa mbele tangu Julai na haigusiki tena. Kuhusu barua alisema hajasikia kitu. Alimpa maji ya kunywa.

Jumamosi, 10 Septemba

Tumeng'oa na kuchoma mabua ya pamba. Moshi kijiji kizima.

Jumatano, 14 Septemba

Mtihani wa darasa la saba. Kutoka uani kwangu naona madirisha. Evalina amepita asubuhi na rula na penseli, akaniamkia kwa kilugha chetu, "Mwangaluka, mayu." Nikamwitikia vizuri. Hana kosa.

Alhamisi, 15 Septemba

Wamemaliza.

Jumapili, 25 Septemba, Kimali

Nimefika jana. Nilibeba Biblia yake, michembe ya viazi vikavu na gauni lake jipya. Mama yangu Kwandu, ambaye hajawahi kuingia kanisa lolote, amenipokea na kuniambia kabla sijatua mzigo kwamba watu wenye ng'ombe wa mahari wameshaanza kuulizia habari za mjukuu wake, na yeye amewafukuza wa kwanza lakini ni mzee, hatafukuza wote.

Gloria amerefuka. Anachunga, anateka maji, anacheka na binti za jirani. Nilimkabidhi Biblia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati la bibi yake karibu na vibuyu, akarudi kukoboa mtama.

Leo asubuhi nimemfuata kwenye kijito alikokuwa anafua. Nilipiga magoti kwenye mchanga. Mama hampigii mtoto magoti, naye aliruka akaninyanyua. Nilisema nilichokuja kusema. Barua niliandika mimi, na ulipoulizwa, nilinyamaza.

"Nilikusamehe siku ile ile, mama," alisema. "Tukiwa bado tumesimama."

Nikamwambia basi arudi nyumbani. Baba yake amebadilika, hatamlazimisha kitu. Tutatafuta shule nyingine, ya binafsi, siku hizi zinafunguliwa. Nikamwambia arudi kwenye kusoma, nimeona Biblia inakaa na vibuyu.

Alikamua gauni, akalitandaza kwenye nyasi kabla ya kunijibu.

"Sisomi tena, mama. Wale vijana watatu hawakusema sijui. Mimi nilisema sijui na nilikuwa najua."

Nilimwambia Petro alisema simjui, tena mara tatu, na Bwana alimpokea. Nilikuwa na mstari wa kumpa tena, haraka hivyo. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mtoto.

"Petro alitoka nje akalia," alisema. "Mimi sikulia. Nilifurahi kwamba hawakukushika. Wakiniuliza tena leo, nitasema sijui. Sasa nitatubu vipi kitu ambacho nitakirudia?"

Sikupata mstari wowote. Tangu Mei niliomba mtoto huyu apinde kidogo. Sasa amepinda, na amepinda kwa ajili yangu, na ningetoa mikono yangu yote miwili nimwone amesimama tena pale uwanjani amefunga mdomo.

Nilimsaidia kubeba nguo. Njiani alinionyesha mahali ambapo fisi alimchukua mwanakondoo.

Jumanne, 27 Septemba

Nimerudi. Mawingu yamejikusanya upande wa ziwa, lakini ni mapema mno kwa mvua. Mwalimu alikuwa amefagia uani na kupika ugali mwenyewe, umekuwa mlaini sana. Tumekula.

Nimemweleza yote niliyoyasikia kijitoni. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama Gloria ametuma salamu kwake.

Ilikuwa rahisi. Ningesema tu kwamba anakusalimu, baba yake, anakusalimu sana. Neno dogo, la adabu, kila mgeni huliongeza hata kama hakutumwa. Nilimwona uso jinsi unavyongoja. Lakini salamu hiyo ingekuwa kana kwamba imetoka kinywani mwa Gloria, na Gloria hakuitoa.

"Hapana," nilisema. "Hakutuma."

Akainamisha kichwa. Kisha akauliza kama anakula vizuri.

Nikamwambia anakula. Hilo ni kweli. Nilimwona.